Nani kaliua neno "mimi"? Safari ya miaka 350 ya makala za kisayansi

Leo siasa tunaiweka pembeni kidogo.

Dada mmoja aliyeko chuoni kaniletea swali. Naliweka hapa kama lilivyo: "Kaka, hizi makala za utafiti nani aliamua ziandikwe hivi? Nimesoma kurasa nane sijamwona mtu hata mmoja. Maji yalipashwa moto, sampuli zilichukuliwa, data zilichambuliwa. Na nani sasa? Halafu nikitaka makala nyingine naambiwa nilipe kwa kadi ya benki, wakati hapa kafe kwenyewe nalipia dakika."

Swali zuri kuliko yeye mwenyewe anavyodhani. Maana makala ya utafiti haikushuka kutoka mbinguni ikiwa hivyo ilivyo leo. Ilianza kama barua ya mtu kwa mtu. Ikawa hadithi, ikawa ripoti, ikawa fomu, ikaja kuwa biashara. Na katika hatua zote hizo swali lilikuwa lilelile: mtu akikwambia kagundua kitu, na wewe hukuwepo, utamwamini kwa lipi?

Haya, vuta kiti.

SIRI NA VITENDAWILI

Tuanzie kabla ya majarida. Watu walikuwa wanaandika vitabu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Kairo na kufariki karibu mwaka 1040, aliandika kitabu kikubwa juu ya mwanga na kuona. Ndani yake anamweleza msomaji namna ya kutengeneza vifaa na kufanya majaribio yeye mwenyewe. Yaani hakusema "niamini mimi". Alisema fanya hivi, utaona. Aliandika pia kitabu kizima cha mashaka juu ya Ptolemy, mtaalamu ambaye kila mtu alimheshimu.

Lakini kitabu kilichukua miaka, na ukichelewa kukitoa mwingine anakuwahi. Sasa unalindaje ugunduzi wako bila kuutoa wote hadharani? Wazungu wa karne ya 17 walikuwa na ujanja wao: unaandika sentensi inayosema ulichokiona, halafu unazivuruga herufi zake zote, unamtumia mwenzako huo mchanganyiko. Mtu mwingine akija kudai ni chake, wewe unazipanga herufi vizuri na kumwonyesha kwamba ulikuwa unajua tangu siku nyingi.

Galileo alifanya hivyo mwaka 1610. Alikuwa ameitazama sayari ya Zohali kwa darubini yake akaona kama nyota tatu zimeshikana (kumbe zilikuwa zile pete zake, darubini haikuwa na nguvu ya kutosha). Kitendawili chake cha herufi kikamfikia Kepler. Kepler akahangaika nacho weee, mwishowe akapata jibu: Mirihi ina miezi miwili! Jibu lilikuwa siyo kabisa. Ila cha kuchekesha ni kwamba Mirihi kweli ina miezi miwili, na iligunduliwa mwaka 1877. Kepler alikosea kitendawili akapatia ukweli.

Robert Hooke naye mwaka 1676 alichapisha herufi zilizovurugwa kuhusu springi, akazifumbua mwaka 1678: springi hurefuka kwa kadiri ya nguvu inayoivuta. Ile kanuni ya Hooke uliyoisoma sekondari ilianza maisha yake kama chemshabongo.

Mnaona tatizo? Sayansi ya namna hii ni ya watu kuviziana. Mtu anajua kitu, anakaa nacho.

JAMAA MMOJA NA BARUA ZAKE

Ukaja mwaka 1665. Mwezi Januari, Paris, Denis de Sallo akaanzisha Journal des sçavans. Mwezi Machi, London, Henry Oldenburg akatoa toleo la kwanza la Philosophical Transactions. Hilo la London lilikuwa la mambo ya sayansi moja kwa moja, na bado linachapishwa mpaka leo.

Huyu Oldenburg ni wa kukumbukwa. Alikuwa Mjerumani wa Bremen, akawa katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi kilichoanzishwa London mwaka 1660. Kazi yake ilikuwa kuandika barua. Alikuwa anaandikiana na watu wa Ulaya nzima: huyu kaona nini, yule kapima nini. Barua zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 1667, wakati wa vita na Waholanzi, wakubwa wakamshuku wakamfunga kwenye Mnara wa London kwa muda. Alipotoka akaendelea na barua zake kama kawaida.

Jarida lake lilikuwa hasa dondoo za barua hizo, na aliligharamia mwenyewe. Ukilifungua toleo la kwanza unakuta doa kwenye sayari ya Mshtarii, uvuvi wa nyangumi Bermuda, na ndama aliyezaliwa na maumbile ya ajabu. Mchanganyiko kama wa kijiweni, kila mtu na lake. Lakini Oldenburg alifanya jambo moja la maana sana: barua za ugunduzi zilipofika, tarehe yake iliandikwa. Basi hapo ule mchezo wa kuvuruga herufi ukaanza kupoteza faida. Ukitaka heshima ya kuwa wa kwanza, sema hadharani. Ukikaa kimya, imekula kwako.

Naomba hapo tusimame kidogo, maana ndiyo injini ya mambo yote yaliyofuata. Mwanasayansi anatoa siri yake, jamii inampa jina. Ndiyo biashara yenyewe mpaka leo.

MUUZA VITAMBAA WA DELFT

Sasa mtu akitoa siri yake, nani anajua kama ni kweli? Hapa kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Antonie van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi. Hakusoma chuo kikuu. Kilatini, lugha ya wasomi wa enzi hizo, hakukijua. Alikuwa na kipaji kimoja: kutengeneza lenzi ndogo zenye nguvu ajabu. Mwaka 1676 akawaandikia Royal Society, kwa Kidachi chake cha nyumbani, kwamba ndani ya maji kuna viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, tena wengi mno.

London wakashtuka. Muuza vitambaa anatuambia maji yamejaa wanyama? Wao wenyewe walipojaribu kuwaangalia, mwanzoni hawakuona kitu. Leeuwenhoek akafanya nini? Akatafuta mashahidi. Watu wanaoheshimika mjini, wakiwemo wachungaji, wakachungulia kwenye hadubini yake wakaandika kwa mkono wao kwamba wameona. Mwaka 1677 Hooke akafanikiwa kuwaona viumbe hao mbele ya wanachama wa Royal Society, mjadala ukaisha. Ndivyo dunia ilivyojua habari za vijidudu.

Ukisoma uandishi wa wakati ule utaelewa kwa nini ulijaa "mimi". Robert Boyle, aliyefanya majaribio ya pampu ya kunyonya hewa, aliandika kwa urefu wa kuchosha: chombo kilikuwa hivi, nani alikuwepo, jaribio gani liligoma. Hakuwa anapiga porojo. Alitaka msomaji aliyeko mbali ajione kama alikuwepo chumbani. Hata kushindwa alikuandika, maana anayekuficha makosa yake atakuficha na mengine.

Newton vilevile. Mwaka 1672 alipochapisha makala yake ya mwanga na rangi, aliianza kama mtu anayesimulia: mwaka 1666 nilijipatia kipande cha kioo cha pembe tatu, nikatia chumba giza, nikaona hiki, nikashangaa. Hooke akampinga, wengine wakampinga, majibizano yakaendelea miaka kadhaa mpaka Newton akachukia kuchapisha. Wadau wanaotukanana kwenye maoni hapo chini, mna mababu.

KITABU CHA SAMAKI

Kidogo nje ya mada, ila siwezi kukiacha. Kitabu kikubwa cha Newton, Principia, kilitoka mwaka 1687. Royal Society walitakiwa wakigharamie, lakini hela ilikuwa imeisha kwenye kitabu kingine kilichotoka mwaka 1686: historia ya samaki, chenye picha nzuri za gharama, ambacho hakikuuzika. Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, akatoa hela yake mfukoni ndipo Newton akachapishwa. Na Halley alipodai mshahara wake pale Royal Society, wakampa nakala za kitabu cha samaki.

Kwa hiyo suala la nani analipia uchapishaji wa sayansi halikuanza na kadi za benki.

Angalia pia lugha. Principia kiliandikwa kwa Kilatini. Kitabu chake cha mwanga, Opticks, cha mwaka 1704, alikiandika kwa Kiingereza. Ndani ya maisha ya mtu mmoja unaona lugha ya wasomi inaanza kupisha lugha ya watu.

"MIMI" ALIKWENDA WAPI?

Haya turudi kwa dada yetu. Karne ya 19 sayansi ikawa kazi ya kuajiriwa. Zamani ilikuwa ya mabwana wenye hela na muda. Hata neno la Kiingereza la kumwita mwanasayansi lilitungwa na William Whewell miaka ya 1830 tu. Maabara zikajengwa, vipimo vikawa sanifu, majarida yakaongezeka. Nature, jarida maarufu kuliko mengi, lilianza mwaka 1869.

Na uandishi ukageuka. Shahidi hakuwa tena mchungaji aliyechungulia kwenye hadubini. Shahidi akawa njia yenyewe: ukifuata hatua hizi hizi, popote ulipo, utapata matokeo haya haya. Kama ni hivyo, mimi niliyefanya nina umuhimu gani? "Nilipima" ikawa "ilipimwa". Kwa Kiswahili ni herufi chache tu, ile w ikiingia mwishoni mwa kitenzi, na mtu mzima anapotea kwenye sentensi.

Nia haikuwa mbaya. Ilikuwa kusema kwamba ukweli hautegemei jina la mtu. Lakini kuna gharama yake: ukimwondoa mtendaji, unaondoa pia kubahatisha kwake, kurudia kwake na kushangaa kwake. Msomaji anabaki kuamini kwamba sayansi hutembea kwenye mstari ulionyooka.

Siku hizi mambo yamelegea, makala nyingi zinasema "tulipima", na miongozo mingi ya uandishi inaruhusu. "Mimi" bado ni adimu.

WAKAGUZI WANAINGIA

Huku nyuma kulikuwa kunajengwa kitu kingine: ukaguzi. Mwaka 1752 Royal Society walilichukua rasmi jarida la Oldenburg na kuunda kamati ya kuchagua makala. Mwanzoni mwa miaka ya 1830, Whewell yuleyule akapendekeza makala zipewe wataalamu waziandikie ripoti. Yeye na John Lubbock wakapewa makala ya kwanza, ya George Airy kuhusu Dunia na Zuhura. Wakatofautiana papo hapo! Whewell alitaka ripoti itangaze uzuri wa kazi, Lubbock alitaka itafute makosa. Mfumo haujatimiza hata makala moja, wakaguzi washagombana.

Wengi tunadhani kila makala kubwa ya kisayansi ilipitia ukaguzi wa namna hiyo. Siyo. Makala ya Einstein ya mwaka 1905 iliyoleta nadharia maalumu ya uhusianifu haina orodha ya marejeleo hata moja, mwisho anamshukuru rafiki yake Besso, basi. Makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 juu ya umbo la DNA ilikuwa ya ukurasa mmoja na kidogo, ina marejeleo sita, na haikupelekwa kwa wakaguzi wa nje. Nature lenyewe lilifanya ukaguzi kuwa wa lazima mwaka 1973.

Na Einstein hakuupenda. Mwaka 1936 yeye na Nathan Rosen walipeleka makala kwenye jarida la Marekani, Physical Review, wakisema mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri akaipeleka kwa mtaalamu, akarudisha ukosoaji mrefu. Einstein akawaka: mimi niliwapa mchapishe, sikuwapa mwonyeshe watu. Akaichukua makala yake akaenda jarida jingine. Lakini kabla haijatoka akatambua kweli ilikuwa na kosa, na ilipochapishwa mwaka 1937 hitimisho lilikuwa limebadilika. Mkaguzi, ambaye baadaye ilijulikana ni Howard Robertson, alikuwa sahihi. Mawimbi yenyewe yalinaswa na mitambo mwaka 2015. Hata Einstein alihitaji mtu wa kumwambia "mzee, hapo angalia tena."

WALI WA SAHANI MOJA

Ule muundo mnaoulilia chuoni, utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala, ni mgeni kuliko mnavyofikiri. Kwenye majarida makubwa manne ya tiba ya Kiingereza, ulianza kuonekana miaka ya 1940 na ukawa muundo pekee miaka ya 1980 tu. Zamani daktari alisimulia mgonjwa alivyokuja, akampa nini, ikawaje.

Sababu ya kubadilika ni wingi. Makala zilikuwa nyingi kupita uwezo wa mtu kuzisoma, kwa hiyo zikapangwa kama maduka ya Kariakoo: anayetaka matokeo aende moja kwa moja kwenye matokeo. Ikisiri nayo ikaja juu kabisa ili usome mistari michache uamue kama unaendelea au unaacha.

Mwaka 1963 Peter Medawar, Mwingereza aliyekwishapata Tuzo ya Nobel, aliuliza hadharani redioni kama makala ya kisayansi siyo ulaghai. Hakumaanisha kwamba data ni za uongo. Alimaanisha kwamba muundo wenyewe unadanganya jinsi mawazo yanavyokuja: unajifanya ulikusanya kwanza ukafikiri baadaye, wakati kila mtu huanza na wazo kichwani.

Na mwaka huohuo wa 1963, huku kwetu, kulikuwa na kijana anagandisha aiskrimu.

MPEMBA NA ASKRIMU

Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, unaweka kwenye friji. Siku moja nafasi za friji zinagombaniwa, Mpemba akaona akisubiri yapoe atakosa, akatia maziwa yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu, yake yalikuwa yameganda kabla ya mwenzake aliyetia ya baridi. Alipouliza akaambiwa haiwezekani. Baadaye muuza aiskrimu mmoja wa Tanga mjini akamwambia hiyo mbona wao wanaitumia.

Akahamia Mkwawa, Iringa. Akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mpemba akanyosha mkono akauliza: kwa nini maji ya nyuzi 100 yanaganda kabla ya yale ya nyuzi 35? Darasa likacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, akaagiza jaribio lifanyike.

Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwenye jarida la Physics Education la Uingereza. Sasa sikieni, wadau. Sehemu ya kwanza ya makala ile ni Mpemba anajitambulisha kwa jina lake na kusimulia mwenyewe: nilifanya hivi, nikaambiwa hivi, wakanicheka. "Mimi" mwanzo mpaka mwisho. Sehemu ya pili ni Osborne na vipimo vyake, vya nyuzi na dakika. Ndani ya makala moja mna uandishi wa mwaka 1672 na uandishi wa karne ya 20, wamekaa benchi moja. Osborne akaonya pia juu ya fizikia ya ubabe, ile ya kumnyamazisha mwanafunzi kwa sababu kitabu kinasema vingine.

Jambo lenyewe bado lina ubishi. Aristotle alishalitaja zamani, na kuna maelezo mengi ya sababu. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima kwa uangalifu wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Wengine wanaendelea kuligundua kwenye mifumo tofauti na maji. Sawa tu. Kijana wa Lushoto kaifanya dunia ibishane zaidi ya miaka 50. Na iliwezekana kwa sababu kuna mtu aliandika, wapi, lini, vipi, na wengine wakaweza kurudia na kupinga.

KUTOKA MTU MMOJA HADI 5,154

Leo mwandishi wa peke yake ni nadra kwenye fani nyingi. Mwaka 2015 vikundi viwili vya maabara ya CERN, kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, vilichapisha makala ya kurasa 33 juu ya uzito wa chembe ya Higgs. Waandishi: 5,154. Sayansi na marejeleo yake vilichukua kurasa tisa. Kurasa 24 zilizobaki ni majina ya watu na taasisi zao. Yaani watu wamerudi kwenye makala, ila kama daftari la wapiga kura.

MLANGO ULIOFUNGWA

Sasa ile hela. Majarida mengi yaliishia mikononi mwa makampuni makubwa ya biashara. Mtafiti anaandika bure, mkaguzi anakagua bure, halafu chuo kinanunua jarida kwa bei ya kutisha. Na mlipakodi aliyegharamia utafiti anaambiwa toa kadi.

Intaneti ikaanza kutoboa ukuta. Mwaka 1991 Paul Ginsparg, akiwa Los Alamos, Marekani, alianzisha hifadhi ambayo leo inaitwa arXiv, ambapo wanafizikia huweka rasimu zao bure kabla hata hazijakaguliwa. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani likaanzisha Hinari, inayozipa taasisi za nchi maskini majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Mwaka 2003 likatoka PLoS Biology, la kusomwa bure na yeyote. Huko gharama anabeba mwandishi badala ya msomaji.

Na pale mwandishi anapolipa, matapeli wakanusa hela. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alitunga makala feki ya dawa ya saratani yenye makosa ya wazi, akaiwekea majina ya kubuni ya watafiti na taasisi za Kiafrika ambazo hazipo. Akaipeleka kwa majarida 304. Yaliyokubali: 157. Mengi hayakuonyesha dalili kwamba kuna mtu aliisoma kweli. Mhadhiri kijana wa kwetu anayetafuta kupanda cheo ndiye mteja wao, na analipa kwa dola.

Hata majarida makubwa huangukiwa. Mwaka 1998 The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake, ya watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Ilifutwa mwaka 2010, lakini mpaka leo kuna mama anayeogopa chanjo kwa sababu yake, na hata jina la jarida halijui. Mei 2020, katikati ya korona, The Lancet hilohilo likatoa makala ya dawa ya hydroxychloroquine. Juni likaiondoa, data hazikuweza kuthibitishwa. Mwaka 2023 makala zilizofutwa duniani zilipita 10,000.

Na sasa kuna programu zinazoandika makala nzima kwa sekunde. Januari 2023, wiki chache baada ya ChatGPT kutoka, Nature na Science yakatangaza kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi. Sababu ni ya kizamani kabisa: mwandishi ni mtu anayeweza kuulizwa akajibu. Boyle angeielewa hoja hiyo bila kutafsiriwa.

SASA WEWE HAPO KAFE UFANYE NINI?

Kwanza, ukiletewa "utafiti unasema" kwenye simu, uliza: nani, lini, wapi, alifanyaje? Asiyeweza kujibu hayo manne hajafika hata kiwango cha muuza vitambaa wa Delft.

Pili, makala isome kwa mpangilio wako. Anza na ikisiri, ruka utazame majedwali na picha, kisha mbinu: watu wangapi, walichaguliwaje? Mjadala uwe wa mwisho, maana pale ndipo mwandishi anapojipigia debe. Na angalia kama haijafutwa. Makala iliyofutwa kwa kawaida hubandikwa tangazo kwenye ukurasa wake.

Tatu, ukikuta imefungwa, usikate tamaa. Tafuta jina kamili la makala kwenye intaneti, mara nyingi kuna nakala ya bure kwenye tovuti ya chuo au hifadhi ya rasimu. Uliza maktaba ya chuo chako kama imejiunga na Hinari. Ikishindikana mwandikie mtafiti mwenyewe, anwani yake iko ukurasa wa kwanza, na wengi hufurahi kusomwa. Hapo utakuwa umefanya kama Oldenburg: barua, mtu kwa mtu.

Nne, kwa wanaoandika tasnifu: usijifiche nyuma ya "ilifanyika" pale ambapo wewe ndiye uliyeamua. Kama dodoso 40 hazikurudi, sema hazikurudi. Msimamizi wako anaweza kukulazimisha ufuate mtindo, lakini hakuna mtindo unaokulazimisha kuficha.

Na la mwisho ni langu binafsi. Leeuwenhoek aliandika kwa Kidachi, lugha ambayo wakubwa wa London walihitaji kutafsiriwa. Kama Oldenburg angesema "kajifunze Kilatini kwanza ndipo urudi", dunia ingechelewa kuvijua vijidudu. Sisi tuna lugha ya mamilioni ya watu, tuna jarida la Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuna maneno ya ikisiri na tasnifu na marejeleo. Kwenye isimu na fasihi tunaandika. Kwenye fizikia, kilimo na tiba, mkulima wa Mbeya aliyehojiwa kwenye utafiti hawezi kuusoma utafiti unaomhusu. Nani atakuwa shahidi wa kitu asichoweza kukisoma?

Dada uliyeuliza, jibu fupi ni hili: "mimi" hakuuawa, alitolewa nje ili ukweli usitegemee sura ya mtu. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba hata akiwa nje, bado anaweza kuitwa akajibu.

Haya, uwanja ni wenu. Mlioko vyuoni, mnaruhusiwa kuandika "mimi"? Kuna aliyewahi kutumiwa barua pepe na jarida la kitapeli? Majina ya watu msiweke, visa leteni. Na wale wa maji ya moto na friji, jaribuni, mpime kwa saa, halafu mtuambie hapa.